PSA imepanda, halafu? Uzi wa vipimo vya damu vya saratani ya tezi dume

Mwanamaabara (mwanzisha uzi)

Wakuu heshima kwenu, wakubwa shikamooni.

Mimi ni mtu wa maabara. Nimeamua kuandika kwa sababu kila baada ya kampeni ya upimaji bure, dirishani kwetu wanakuja wazee wameshika karatasi yenye namba moja tu, PSA, na sura zimeshabadilika kwa hofu. Wengine wanaondoka na namba ndogo wakiamini habari imekwisha. Wote wawili hawajaelezwa vya kutosha, na kwa ugonjwa unaoongoza miongoni mwa saratani za wanaume hapa Tanzania na kwa majirani zetu Kenya na Uganda, hilo ni jambo kubwa.

Tuanze na kitu chenyewe. PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume. Kila mwanaume anayo, mzima na mgonjwa. Kazi yake ni kuyayusha shahawa baada ya kutoka ili mbegu ziogelee. Ndani ya shahawa imejaa tele, kiwango chake ni kama mara milioni ya kile kilichomo kwenye damu. Kwenye damu kinavuja kidogo tu. Kuta za ndani za tezi zikiharibika, inavuja zaidi. Saratani huziharibu. Lakini hata uvimbe wa kawaida wa uzeeni unaongeza PSA, maambukizi yanaongeza, na kuwekewa mpira wa mkojo kunaongeza. Kwa hiyo PSA inasema kwamba tezi ina jambo, haisemi ni jambo gani.

Ndiyo maana ile mipaka ya "chini ya 4 salama, juu ya 4 saratani" (nanogramu kwa kila mililita ya damu) siipendi. Mwaka 2004 lilitoka jibu lililowashtua wengi. Kule Marekani kulikuwa na utafiti mkubwa wa finasteride, dawa ya uvimbe wa tezi, ambapo wanaume walichukuliwa kinyama cha tezi (biopsi, kipande kidogo cha kutazamwa kama kina saratani) mwishoni hata kama PSA yao haikupanda. Kati ya wale waliokuwa na PSA isiyozidi 4, asilimia 15 walikutwa na saratani. Na upande wa pili, wengi wenye PSA kati ya 4 na 10 wakichukuliwa kinyama hawakutwi na saratani.

Historia kidogo, maana inasaidia kuelewa ugomvi wa madaktari. Kabla ya PSA kulikuwa na kimeng'enya kiitwacho asidi fosfatasi, kilichotumika tangu miaka ya 1930, lakini kilipanda zaidi ugonjwa ukiwa umeshafika kwenye mifupa. PSA ilisafishwa na kutenganishwa mwaka 1979 pale Roswell Park, Buffalo. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliiruhusu mwaka 1986 kwa kuwafuatilia waliokwisha kuugua, na mwaka 1994 ndipo ikaruhusiwa kusaidia kuutafuta ugonjwa. Yaani ilizaliwa kama kipimo cha kufuatilia, na kwenye kufuatilia hadi leo haina mpinzani. Mtu akitolewa tezi yote, PSA inatakiwa ishuke hadi isionekane. Ikirudi ikafika 0.2 na kupanda, ugonjwa umerudi, miezi au miaka kabla mwili haujahisi chochote.

Kwenye kuutafuta ugonjwa ndiko kwenye mjadala. Utafiti mkubwa wa Ulaya ulioanza miaka ya 1990 umewafuata wanaume kwa zaidi ya miaka 20. Majibu yaliyotoka 2025 yanasema vifo vya saratani hii vilipungua kwa asilimia 13 kwa walioitwa kupima. Kwa hesabu nyingine, kifo kimoja kinazuiwa kwa kila wanaume 456 wanaoitwa, na kwa kila 12 wa ziada wanaogundulika na saratani. Hao 11 wengine wamegunduliwa saratani ambayo kwa baadhi yao isingewaua kamwe, na kama wote wakipasuliwa, baadhi wanabaki na mkojo usiozuilika au nguvu za kiume zimepotea. Faida ipo, na madhara yapo. Hapo ndipo vipimo vipya vya damu vilipoingia, kutafuta nani hasa anahitaji kuendelea na nani aachwe apumzike.

Nitaendelea chini. Ulizeni.

---

Mgosi wa Tanga

Shukrani mkuu. Huku vijiweni tunaambiwa siku hizi damu inatosha, kile kipimo cha daktari kugusa tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa kimefutwa. Ni kweli?

---

Mwanamaabara

Mkuu Mgosi, nusu yake kweli. Kwa mtu asiye na dalili anayetaka tu kujua hali yake, sehemu nyingi duniani sasa zinaanza na damu pekee, kwa sababu kidole peke yake kinakosa saratani nyingi za mwanzo. Lakini PSA ikiwa juu, au mtu anakojoa kwa shida, daktari bado atahitaji kupima kwa kidole. Zipo saratani kali zinazotoa PSA kidogo, damu inasema shwari wakati kidole kinagusa kitu kigumu. Kipimo hicho ni cha sekunde chache. Naumia kuona mtu anaahirisha miaka mitatu kwa ajili ya aibu ya sekunde chache.

Mnakumbuka Novemba 2014 Rais wa wakati huo, Mzee Jakaya Kikwete, alipofanyiwa upasuaji kule Johns Hopkins, Baltimore, na taifa likaambiwa wazi kwamba ni saratani ya tezi dume. Kwangu ule uwazi ulikuwa na thamani kubwa. Kama Amiri Jeshi Mkuu ameweza kulisema mbele ya nchi nzima, sisi tunaona haya ya nini?

---

BintiSingida

Habari zenu kaka zangu. Baba yangu ana miaka 68. Amepima kwenye kambi ya afya, PSA imetoka 11.2. Akaambiwa aende haraka akachukuliwe kinyama. Amegoma kula, anasema kifo kimefika. Wiki mbili kabla ya hapo alikuwa na UTI kali, mkojo ukaziba, akawekewa mpira. Nifanye nini?

---

Mwanamaabara

Pole sana dada, na mpe mzee pole yetu. Naomba usome taratibu.

Kwanza, kile ulichotaja mwishoni ndicho cha kumwambia daktari mwanzoni. UTI, mkojo kuziba na mpira, vyote vitatu vinapandisha PSA, na vinaweza kuipandisha sana. Mtu asiye na dalili nyingine za kutisha anatibiwa maambukizi yaishe, anasubiri kama wiki sita hadi nane, anarudia damu maabara ileile. PSA hushuka nusu kila baada ya siku mbili hadi tatu chanzo kikiondoka, lakini tezi iliyowaka moto huchukua wiki kupoa, ndiyo sababu ya kusubiri.

Pili, wakati wa kurudia, muulize daktari aandike PSA jumla pamoja na PSA huru. Kwenye fomu huwa fPSA. Nieleze maana yake. PSA ikiingia kwenye damu, nyingi inashikwa na protini nyingine, na sehemu ndogo inabaki inaelea yenyewe, hiyo ndiyo huru. PSA itokayo kwenye saratani huwa inashikwa zaidi, kwa hiyo sehemu huru inapungua. Kwa wanaume wenye PSA kati ya 4 na 10, utafiti wa Marekani wa mwaka 1998 ulionyesha kwamba huru ikiwa chini ya asilimia 10, zaidi ya nusu yao walikuwa na saratani. Ikizidi asilimia 25, ni takribani 8 katika 100. Ni gharama ndogo juu ya kipimo kilekile, na mashine nyingi za hospitali kubwa zinaweza kukifanya.

Tatu, utrasaundi ya kujua ukubwa wa tezi. Tezi kubwa hutoa PSA nyingi bila ubaya wowote. PSA ya 6 kwenye tezi ya mililita 60 ni 0.10 kwa kila mililita. PSA hiyohiyo kwenye tezi ya mililita 30 ni 0.20. Ikizidi 0.15 madaktari huanza kuwa na wasiwasi.

Lakini kuna jambo ambalo halisubiri wiki sita: kama mzee ana maumivu ya mgongo yasiyoisha hata usiku amelala, miguu inakufa ganzi au inakosa nguvu, au PSA imetoka mamia. Huyo anakwenda hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu ugonjwa unaweza kuwa umebana uti wa mgongo na kila saa ina thamani.

---

BintiSingida

Asante sana kaka. Mgongo hauna shida, anatembea vizuri. Nitampigia daktari wa wilaya kesho.

---

Nakuru_Kwetu

Hamjambo. Huku kwetu kwenye kambi za bure wanatumia kile kikaratasi cha tone la damu, mistari miwili au mmoja, kama kile cha ujauzito. Je, kinaaminika?

---

Mwanamaabara

Swali zuri ndugu. Hicho kimetengenezwa kionyeshe mstari wa pili PSA ikifika karibu na 4. Hakikupi namba. Mwenye 4.5 na mwenye 450 wanatoka na mstari uleule, na mwenye 3.8 anaambiwa yuko sawa. Mstari hafifu nao msomaji mmoja anasema upo, mwingine anasema haupo. Mimi nakubali kitumike mahali ambapo hakuna mashine kabisa, kwa sharti moja: kila mwenye mistari miwili apelekwe apimwe damu ya mshipa, na awepo mtu wa kumfuatilia. Kambi inayogawa mistari miwili kisha inafunga turubai na kuondoka imewaachia watu hofu, haijawapa huduma. Hapo sina ushabiki wowote, nasema kwa uchungu.

---

Ughaibuni_Uppsala

Salaam wakuu. Mimi niko Uswidi. Huku kuna kipimo kinaitwa Stockholm3, rafiki yangu amekifanya. Kinatofautiana vipi na PSA? Na je, kinatufaa sisi weusi?

---

Mwanamaabara

Mkuu umenigusa pale ninapopenda. Ngoja nipange hivi vipya vyote.

Kimoja ni PHI. Wanachukua PSA jumla, PSA huru, na aina changa ya PSA iitwayo p2PSA ambayo saratani huizalisha zaidi. Hesabu yake ni p2PSA gawanya kwa huru, halafu zidisha kwa kipeuo cha pili cha PSA jumla. Mfano, p2PSA 15, huru 1.0, jumla 6.25: kipeuo ni 2.5, jibu 37.5. Jibu likifika 55 na zaidi, karibu nusu ya watu hao wanakutwa na saratani. Marekani waliiruhusu mwaka 2012.

Kingine ni 4Kscore. Hiki kinapima protini nne za ukoo mmoja: PSA jumla, huru, PSA nzima isiyokatika, na hK2. Wanaongeza umri, matokeo ya kidole na kama uliwahi kuchukuliwa kinyama. Hakikuambii una saratani au huna. Kinakuambia uwezekano kwa asilimia wa kuwa na ile saratani kali.

Stockholm3 ya Taasisi ya Karolinska inachanganya protini, alama za vinasaba zaidi ya 100 na historia ya familia. Utafiti wao wa 2015 ulionyesha unaweza kupunguza uchukuaji wa vinyama kwa karibu theluthi moja bila kukosa saratani kali zaidi ya PSA inavyozikosa.

Sasa swali lako la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa. Vipimo hivi vilijengwa kwa damu za Wazungu zaidi. Vinasaba vinavyobeba hatari havifanani. Kuna eneo kwenye kromosomu ya 8 ambalo lina aina za vinasaba zinazopatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika, na zinaongeza hatari. Ukijenga kipimo bila kuziweka hizo, mtu mweusi anapewa alama ya Mswidi. Jambo la kutia moyo ni kwamba mwaka 2024 Stockholm3 ilijaribiwa Marekani na Kanada kwa wanaume zaidi ya 2,000, takribani robo yao weusi, na ikafanya vizuri katika makundi yote. Lakini mweusi wa Chicago na Mgogo wa Dodoma si watu wa asili moja. Bado tunahitaji damu zetu zipimwe kwa wingi huku kwetu, na hili wakubwa wa taasisi za utafiti nawaomba walichukulie kwa uzito.

---

TabibuMstaafu

Mwanamaabara, nakupongeza kijana. Nimetibu wagonjwa hawa miaka mingi. Naongeza mawili. Wengi walinifikia PSA ikiwa imepita 100. Hapo mara nyingi ugonjwa uko mifupani tayari na hakuna haja ya kubishana kuhusu asilimia ya huru. Anahitaji tiba ya kushusha homoni ya kiume, iwe sindano au kuondolewa korodani. Daktari Huggins wa Marekani aligundua hilo mwaka 1941 na akapewa Nobeli 1966, na hadi leo ndiyo nguzo. La pili, daktari atazame pia ALP kwenye damu, kimeng'enya kitokacho kwenye mifupa na ini, ikipanda inaweza kuashiria ugonjwa umefika mifupani.

Na finasteride! Mzee anayetumia finasteride au dutasteride kwa ajili ya kukojoa, baada ya miezi kama sita PSA yake inashuka karibu nusu. Namba anayoiona lazima izidishwe mara mbili kichwani mwa daktari. Nimeona watu wakitulizwa kwa namba ya 3.5 ambayo kwa kweli ni 7.

---

Mwanamaabara

Shikamoo daktari. Hilo la finasteride nilitaka kulisahau, Mungu akubariki. Nikuongezee la maabara. Vidonge vya nywele na kucha vyenye baiotini nyingi vinaweza kuivuruga mashine, PSA ikatoka ndogo kuliko ilivyo. Mwambie mpimaji unavyotumia.

Na hili naliombea kila maabara inayosafirisha sampuli. PSA huru inaharibika haraka kuliko jumla. Damu ikikaa kwenye chupa bila kutenganishwa, ikasafiri na basi usiku kucha kutoka wilayani hadi Dar, huru inashuka na asilimia inaonekana mbaya. Mtu anaogopeshwa na joto la safari. Damu izungushwe kwenye mashine, maji yake yatenganishwe mapema, yagandishwe, ndipo yasafiri. Kwa p2PSA ni kali zaidi, ndani ya saa tatu iwe imetenganishwa.

Upande wa mpimwaji: siku mbili kabla, usikutane na mwenzi wako na usiendeshe baiskeli mwendo mrefu. Bodaboda mnauliza sana, mimi sina wasiwasi nayo kama nilio nao kwa baiskeli, lakini ukipumzika nayo hupotezi kitu. Na urudie maabara ileile, kwa sababu mashine mbili zenye vipimio tofauti zinaweza kupishana hata asilimia 20 kwa damu moja.

---

Kijana_wa_Zamani

Mimi nina 71. Daktari kasema sina haja ya kupima tena. Biden naye alikuwa rais na ikafika mifupani. Nani mkweli?

---

Mwanamaabara

Shikamoo mzee. Mei 2025 ofisi ya Biden ilitangaza kwamba saratani yake ilikuwa imefika kwenye mifupa, na msemaji wake akasema PSA ya mwisho inayojulikana ilikuwa ya 2014. Jopo la wataalamu wa kinga la Marekani (USPSTF) linashauri kutopima kwa mazoea baada ya 70, hoja ikiwa kwamba saratani nyingi za umri huo huenda taratibu na tiba ina madhara. Maoni yangu: mzee wa 71 mwenye nguvu, asiye na kisukari wala moyo mbaya, na hajawahi kupima hata mara moja, huyo azungumze na daktari apime mara moja ajue alipo. Aliyepima miaka yote na PSA yake ni 0.8 apumzike kwa amani.

Na vijana wa 40 msidhani haiwahusu. Chama cha Saratani cha Marekani kinashauri wanaume weusi waanze mazungumzo wakiwa na 45, na 40 kama ndugu wa karibu zaidi ya mmoja waliugua mapema. Ulizeni pia upande wa akina mama: mama au dada mwenye saratani ya matiti au ya ovari anaweza kuwa na kasoro ya kinasaba cha BRCA2, na kasoro hiyo kwa mwanaume inaongeza hatari ya saratani kali ya tezi dume.

---

Mgosi wa Tanga

Kuna jamaa anauza kipimo cha "tone moja linaona saratani hamsini". Na mwingine gome la muiri kutoka Kilimanjaro. Vipi?

---

Mwanamaabara

Utafutaji wa vipande vya DNA ya saratani kwenye damu ni sayansi ya kweli, inafanyiwa kazi. Lakini saratani ya tezi dume ikiwa changa inamwaga vipande vichache mno, kwa hiyo kwenye hatua ile unayotaka kuiwahi ndipo inapokosa. Kwa ugonjwa ulioenea inasaidia, hata kuchagua dawa. Anayekuuzia mtaani leo kama uhakika, mwache.

Gome la mti wa muiri, wengine huuita mkondekonde, limetumika miaka mingi kwa wazee wanaokojoa kwa shida kutokana na uvimbe wa kawaida, na baadhi wanapata nafuu. Saratani haliponyi. Hatari yake ni kwamba mkojo ukitoka vizuri mtu anaamini amepona na hapimi.

---

BintiSingida

Kaka, nimerudi. Baba amemaliza dawa za UTI, mpira umetolewa, tumesubiri wiki saba. PSA sasa 8.6, huru 0.8. Utrasaundi mililita 42. Anakula vizuri sasa. Hii imeshuka, si ndiyo nzuri?

---

Mwanamaabara

Dada, nashukuru Mungu anakula. Nitakuambia ukweli kama ningekuwa namwambia dada yangu wa tumbo moja. Sehemu ya ile 11.2 ilikuwa UTI, imeondoka. Lakini 0.8 kwa 8.6 ni asilimia 9 tu, na 8.6 kwa mililita 42 ni 0.20. Vyote viwili vinaelekea upande mmoja. Damu imefika mwisho wa kazi yake hapa, sasa anahitaji daktari bingwa wa mkojo. Kama MRI (picha ya ndani ya mwili kwa sumaku) inapatikana na mnaimudu, ianze yenyewe kabla ya sindano ya kuchukua kinyama, kwa sababu inaonyesha pa kuchoma, na mtu ambaye MRI yake ni safi anaweza kuepuka kinyama.

Mwambie mzee kwamba hata ikiwa saratani, si kila saratani inapasuliwa. Uingereza waliwafuata wanaume zaidi ya 1,600 wenye saratani iliyogunduliwa kwa PSA ikiwa bado ndani ya tezi. Baada ya miaka 15, takribani 97 katika 100 hawakuwa wamekufa kwa ugonjwa huo, waliopasuliwa, waliopigwa mionzi na waliofuatiliwa tu, wote karibu sawa.

Mkienda, bebeni karatasi zote mbili za PSA zenye tarehe, jibu la utrasaundi, na jina la antibayotiki alizotumia. Kama anatumia aspirini au warfarini ya moyo (dawa za kuzuia damu kuganda), aseme mapema kabla ya kupangiwa kinyama, asiache mwenyewe. Mkipata tarehe ya bingwa niandikie hapa, kama kuna neno kwenye majibu halieleweki tutalisoma pamoja.